Matairi ya Kumfikisha Mama Ugenya

Kaloleni,
Nairobi.
Jumatano, 12 Machi 2025.

Mpendwa ndugu yangu Seth,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. U hali gani huko Sharjah? Ule mgongo umepoa, au bado unabeba makasha ghalani hata siku za kupumzika? Unakula vizuri? Nauliza kwa sababu kila ukipiga simu unajibu "niko poa", na sauti yako haifanani kabisa na ya mtu aliye poa. Mimi ni mzima. Mume wangu Bwire ni mzima pia, anakohoa kidogo kwa hili vumbi, maana mvua imekataa kuanza. Kuhusu Mama siwezi kuandika "hajambo" kama tulivyofundishwa shuleni. Nitafika hapo.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Sababu ni kwamba simu zako hupokelewa kando ya kitanda cha Mama, na yeye hutaka iwekwe sauti kubwa asikie kila neno. Hata ukituma ujumbe wa sauti, lazima asikilizishwe. Macho yalishaziba kwa mtoto wa jicho, lakini masikio, haki ya Mungu, yanasikia mpaka majirani wanayonong'ona. Na ninayotaka kukuambia hayafai kumfikia. Basi barua hii nitampa Ifrah, mpwa wake Kahin muuza matairi wa Eastleigh, ambaye anarudi kazini huko kesho jioni. Atakukabidhi mkononi. Ukishaisoma, ichane.

Niseme jambo lenyewe nisizungukezunguke. Mama anataka kufika nyumbani Ugenya akiwa anapumua. Hana ombi lingine. Tunaondoka Jumamosi alfajiri na gari la marehemu Baba, ile vani ya kubebea watu. Na hatuendi na magurudumu uliyotuma, Seth. Nimeyatoa.

Najua umeumia. Pumua kwanza, halafu usome mpaka mwisho.

Sijasahau siku yalipofika, Novemba. Nusu ya mtaa ilitoka kuyaona. Pasta aliyaombea pale mbele ya ukumbi wa mtaa, watu wakapiga picha nayo kana kwamba ni bibi harusi. Mama alitoka na mkongojo wake, akainama kwa shida, akayagusa moja moja, akapitisha vidole kwenye zile njiti tano za rimu mpaka katikati. Akasema, "Sasa Seth atanipeleka nyumbani mwenyewe." Tukacheka. Wakati huo alikuwa anakula, anagombana na muuza sukuma wiki, na neno "kumpeleka nyumbani" lilikuwa mzaha tu.

Na makosa si yako peke yako. Kabla hujanunua uliniuliza swali moja tu: gari la Baba lina nati ngapi kwa kila gurudumu? Nikaenda nikahesabu, nikakuandikia sita. Ukanunua ya nati sita, mimi nikaridhika, Bwire akayafunga, yakaingia. Yalijaza vizuri chini ya bodi, gari likaonekana jipya. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza yanabeba nini.

Tarehe mosi mwezi huu daktari alituita pembeni, mimi na Bwire. Ini limekwisha. Alisema tumpeleke nyumbani akae na watu wake, na alivyosema polepole nilielewa hamalizi sentensi. Tukapanga kuondoka kesho yake, Jumapili. Bwire akapeleka gari kwa Nzau, yule fundi wa pancha wa kando ya Jogoo Road aliyekuwa akimtengenezea Baba, alikague kabla ya safari. Wiki iliyotangulia gari lilikuwa limepeleka kwaya Machakos, watu kumi na viti vya plastiki, hata halikujaa. Nzau akakuta tairi la nyuma kushoto limetoa uvimbe ubavuni, mkubwa wa yai. Akanipigia simu. Akaniambia, "Dada, haya ni matairi ya bosi mmoja akienda ofisini. Nyinyi mnayapakia kijiji."

Bwire unamjua. Alitaka tubadilishe hilo moja, yale mengine tuyajaze upepo mpaka yawe mawe, twende. Nzau akamwambia upepo mwingi hauongezi kilo hata moja, unaongeza mlio wakati wa kupasuka.

Mimi ni karani wa faili. Miaka ishirini nimelipwa kusoma maandishi madogo ambayo wakubwa wanayaruka. Nikachukua miwani nikapiga magoti kwenye vumbi. Ukifungua mlango wa dereva kuna kibandiko cha Kijapani ambacho Baba hakuwahi kukibandua. Maneno sikuyaelewa, ila namba ni namba: 195/80R15, na mbele yake 107/105. Tairi lako limeandikwa 225/45R18, halafu 91. Kahin akanifungulia jedwali lake dukani. Hiyo 91 maana yake tairi moja linabeba kilo mia sita na kumi na tano, basi. Hiyo 107 ni kilo mia tisa na sabini na tano. Gari la Baba likijaa linakaribia tani tatu, na uzito mwingi unaketi nyuma. Zidisha mwenyewe mara nne uone. Tena ubavu wa tairi lako ni mfupi, shimo likipigwa linapigwa na rimu.

Nakuandikia hesabu hizi zote kwa sababu nataka ujue sikuyatoa kwa wivu wala kwa kiburi. Watu wamesema hivyo.

Ndiyo, wamesema. Baba mdogo Odongo alipiga kutoka Ugenya akanifokea kana kwamba nimekufukuza wewe kwenye boma. Eti mtoto wa kiume asiyeweza kuja ametuma magurudumu yake yamfikishe mama yake, yameombewa, halafu dada yake anayafungua. Shangazi naye akadakia. Siku tatu tulibishana kwa simu, mimi nikiwasomea namba, wao wakinijibu kwa heshima ya ukoo. Nikawaambia waje wenyewe wakae nyuma kushoto, juu ya ule uvimbe. Wakasema nina mdomo. Ni kweli ninao.

Mama ndiye alikuwa mgumu kuliko wote. Nilimgusia kidogo tu kwamba pengine tubadilishe, akageuza uso ukutani. Ambulensi ameikataa kabisa, anasema hatafika kwake kwa gari la hospitali kama furushi. Anataka gari la mumewe na magurudumu ya mwanawe. Nilipomwuliza kwa nini magurudumu, alisema watu wakimwuliza pale langoni Seth yuko wapi, atawaonyesha.

Basi tungefanya nini? Nilifikiri jambo rahisi: turudishe yale magurudumu ya zamani, tununue matairi tu. Woi, Seth. Mimi mwenyewe, Desemba, kwa mkono wangu huu, niliwapa akina mama wa kanisa rimu zote nne, na ile ya spea juu yake. Walizichomelea miguu mitatu mitatu, zikawa majiko ya kuinjikia sufuria kubwa za msibani. Nilikwenda stoo ya kanisa nikazikuta zimepangana, nyeusi, zimeganda masizi na ugali, moja imepinda mdomo kwa moto. Nzau aliziangalia mara moja tu, akasema chuma kilichopikiwa ugali wa watu mia tatu hakirudi barabarani. Nikakaa juu ya moja nikalia. Mama Adongo, mwenyekiti wao, alidhani nimeletewa habari ya msiba, akaanza kulia nami.

Kutoka hapo ilikuwa ni kutembea. Sokoni Gikomba walinipa matairi yaliyopakwa rangi nyeusi yakang'aa, saizi ni ileile, nikafurahi, mpaka Nzau akanionyesha zile tarakimu nne za ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Yalikuwa na miaka kumi na moja. Kwingine nikapata saizi sawa lakini namba ya uzito si sawa, ya gari dogo. Nikapata rimu za nati sita ambazo tundu la katikati lilikataa kuingia. Kahin ndiye aliyenisaidia. Yuko kwenye mfungo, midomo imemkauka, na bado alisimama nami juani akipigia simu maghala mpaka akapata matano mapya yenye 107/105. Siku mbili baadaye Nzau akapata rimu tano za inchi kumi na tano kwenye gari kama la Baba lililovunjwa kuuzwa vipuri, akazizungusha moja moja kuona kama kuna iliyopinda. Amezifunga jana.

Siku kumi na moja, Seth. Siku ya kwanza Mama alikuwa anakaa kitandani, anashika kikombe cha uji mwenyewe. Siku ya tano tukaanza kumnywesha kwa kijiko. Leo tunamlowesha midomo kwa pamba. Nilipokuwa Gikomba nasoma ubavu wa matairi, yeye alikuwa akinipungukia hapa nyumbani, na nilijua, na nikaendelea kusoma. Kama tungeondoka ile Jumapili na magurudumu yako, pengine angefika amekaa kitini, akasalimiana na watu langoni kwake. Pengine pia tairi lingepasuka kwenye ile miteremko tukamalizika sote. Sijui ni ipi. Hakuna mtu atakayeniambia, na nimeanza kuogopa kwamba nitajiuliza mpaka uzeeni.

Usinijibu kwamba nilifanya vyema. Mimi sihisi nimefanya vyema.

Jambo jingine. Baada ya kufunga matairi niliamua kupima kila kitu kitakachopanda, nisikisie tena. Nikaazima mzani wa mtu mzima kutoka zahanati. Watu wote walipanda, wakicheka, Shangazi, aliyekuja kutusindikiza, akavua viatu ili apunguze. Mama hawezi kusimama, kwa hivyo nilimpima Bwire peke yake, kisha nikampima akiwa amembeba Mama mikononi, nikatoa. Kilo thelathini na sita. Nikarudia hesabu nikidhani nimekosea. Huyo ndiye mwanamke aliyekuwa akibeba gunia la mahindi kutoka stesheni Baba akiwa kazini reli. Bwire akanong'ona kwamba kwa uzito huu hata matairi ya Seth yangembeba. Nikamwambia anyamaze.

Lakini matairi hayatambeba Mama peke yake, na hapa ndipo nilipokasirika. Jana jioni Mama Adongo na wenzake walikuja kusaidia kupakia. Nikadhani wanaleta blanketi na maji ya kunywa. Walileta sufuria mbili kubwa, unga, mchele, sukari, hema, na yale majiko. Ndiyo, rimu zetu za zamani, zenye miguu mitatu. Wakaanza kuvipanga chini, ili godoro la Mama liwekwe juu yake. Hakuna aliyesema neno msiba. Walisema tu, "Nyumbani kutakuwa na watu wengi." Mama yuko chumbani anapumua, Seth, na wao wanampangia vyombo vya matanga chini ya mgongo. Nikatoa sufuria moja nikaitupa barazani. Mama Adongo hakugombana nami, aliniangalia tu kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza. Nikaingia jikoni. Nilipotoka, ilikuwa imerudishwa, na sikuitoa tena.

Sasa nikuambie uongo niliousema, kwa sababu nawe itabidi uuseme. Leo asubuhi Mama aliamka vizuri kidogo, akauliza kama magurudumu ya Seth yameoshwa. Nikasema yameoshwa. Akauliza kama ni hayo tunayokwenda nayo. Nikasema ni hayo, Mama. Miaka arobaini na nne sijawahi kumdanganya huyu mwanamke katika jambo kubwa, unajua alivyokuwa na fimbo. Akasema Jumamosi, kabla ya kuingizwa, atayagusa.

Hawezi kuona lakini atayagusa, na vidole vyake vinayajua. Ukigusa zile rimu mpya ni bapa la chuma lenye matundu, hata mtoto angejua. Kwa hivyo tumeamua hivi. Magurudumu yako yamepangwa barazani chini ya dirisha, nimeyaosha kwa sabuni kweli, hapo sikudanganya. Bwire atakapokuwa amembeba, mimi nitasimama mlangoni pa gari nimelishikilia mojawapo, lile lisilo na doa, nilisogeze mpaka mkono wake ulipate. Apitishe vidole kwenye zile njiti tano. Halafu tutalipakia kama mzigo, pale miguuni pake. Lina kilo ishirini na tatu. Ili liingie nimeshusha nguo zangu na mtungi wa maji, maana uzito nimeuhesabu na sitaki kuuvuka. Akiuliza lile linalogonga miguuni ni nini, nitasema ni spea.

Basi Jumamosi ukipiga simu, na najua utapiga, tafadhali usiseme "matairi mapya", wala "pole kwa kazi ya kutafuta". Akikuuliza, mwambie ni yale yale. Mwambie yanaenda vizuri.

Sikuombi uje. Niliomba miaka yote tisa na nimechoka kuomba, na najua mwajiri wako bado ameishikilia pasipoti, na kukuomba tena ni kukuchoma bure. Mwanzoni nilikukasirikia. Nilisema moyoni, huyu anatuma rimu zinazong'aa mahali pa kuja yeye. Sasa nimeelewa ulituma ulichoweza kukishika. Ila bado nina hasira kidogo, nisikufiche, na pengine ni hasira inayonisaidia kusimama.

Leo mchana nilipitisha gari kwa Nzau kwa mara ya mwisho, akaze nati na kujaza upepo. Akauliza tunakwenda watu wangapi. Nikasema tisa. Akaingiza kichwa ndani akaangalia vile vilivyopangwa chini. Kisha akachukua kipande cha boksi akaniandikia namba za upepo. Ya kwenda: mbele arobaini, nyuma hamsini. Chini yake akaandika ya kurudi, nyuma arobaini na mbili. Nikamwuliza kwa nini ya kurudi ni tofauti, na watu ni walewale tisa. Akasema tutarudi bila unga, bila mchele. Akaanza kusema kitu kingine, akakiacha, akainama kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake. Nimekiweka hicho kipande cha boksi kwenye mkoba wangu, na kila nikitafuta ufunguo nakiona.

Bwire anakusalimu. Kahin anakusalimu, amesema ukihitaji matairi tena umwulize yeye kwanza. Shangazi anakusalimu na kukuombea, hata kama mimi naye hatusemezani leo. Nawe unisalimie Mumin unayekaa naye chumba, umwambie nashukuru kwa ile dawa ya mgongo aliyokupa. Baba mdogo Odongo nitamsalimia mwenyewe tukifika, kama atakubali mkono wangu.

Mungu akulinde huko uliko, akufungulie mlango urudi hata kama ni kwa kuchelewa, na Jumamosi asimchukue Mama barabarani. Hilo la mwisho liombe nami, Seth, ndilo tu lililobaki la kuomba.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na bado nimekununia,

Maurine Awiti.

Nimefungua barua tena kabla Ifrah hajaja kuichukua. Mama ameamka, amesema nikuandikie kwamba magurudumu yako ni mazuri na anasikia kwa kishindo yatafika. Gari halijawashwa tangu mchana. Nimemwambia nami nasikia.